Usifunge Paa

Kiti cha abiria kilikuwa kimelowa kabla mtu yeyote hajafungua maji.

Simiyu aligundua kwa kiganja, maana ndivyo anavyoanza kazi siku zote: kabla ya kitambaa, kabla ya mafuta ya ngozi, kwanza mkono. Aliupitisha juu ya kiti cha dereva, akakikuta kikavu na cha moto, kimeokwa na jua la saa tatu. Alipouhamishia kwenye kiti cha pili, ukazama kwenye baridi. Akauinua, akaona maji yakimchuruzika hadi kwenye kiwiko.

"Mbuthia," akaita. "Nani amemwaga maji huku ndani?"

"Maji gani, na pampu sijawasha?" Mbuthia alijibu bila kuinua kichwa. Alikuwa anavaa gambuti. "Labda mwenyewe alikuwa na chupa. Panguza tu, buda."

Simiyu akapanguza. Akakamua taulo nje ya mlango, akarudi kukipapasa kile kiti, akakikuta kimelowa vile vile, na safari hii aliuona ule unyevu una umbo: mapaja mawili, na mgongo ulioegemea. Akajiambia kwamba ngozi ya kiti hunyonya maji, kisha ikayatoa polepole. Fundi mzuri hakosi maelezo ya kitu chochote, na Simiyu alikuwa fundi mzuri mno.

Hapo kando ya Barabara ya Kangundo, Komarock inapopakana na Kayole, Mbuthia alikuwa na tangi la maji, pampu ya presha, kivuli cha mabati, na kiburi kisichoenea chini ya mabati hayo. Yeye aliosha nje, Simiyu akasafisha ndani. Ndivyo walivyogawana kazi kwa miaka tisa. Langoni, chini ya mwavuli uliopauka, mke wa Simiyu, Khavere, aliuza chai na chapati na kuwachunga wote wawili kwa jicho moja.

Gari lenyewe lilikuwa jekundu, la viti viwili, la michezo, paa lake la turubai limekunjwa nyuma ya viti. Lililetwa asubuhi hiyo na Khalif, mfanyabiashara wa vitambaa wa Eastleigh anayejenga nyumba Komarock. Tope la pale anapojenga lilikuwa limekauka ubavuni, na boneti ilikuwa na matone ya saruji. Khalif alishuka, akawapa ufunguo ili wakitaka walisogeze kivulini, kisha akasema jambo ambalo Mbuthia alilicheka hadi machozi yakamtoka baadaye.

"Mlioshe hivi hivi, likiwa wazi. Kwa kitambaa tu. Paa msilifunge."

"Hata mvua ikinyesha, bosi?" Mbuthia akamuuliza kwa utani.

"Hata mvua ikinyesha." Khalif hakutabasamu. "Mmenisikia? Paa lisifungwe." Akapanda bodaboda, akaenda kuwaona mafundi wake.

Vumbi la bodaboda halijatulia, Mbuthia alikwisha anza. "Umemsikia? Gari la wazi, lioshwe likiwa wazi! Maji yakiruka kwenye viti, nani atalaumiwa? Na hili tope kavu ukilisugua na kitambaa, unachora rangi yote. Manze, huyo mzee anajua kuendesha. Kuosha atuachie sisi."

Alichosema kilikuwa kweli, na hapo ndipo ubaya ulipokuwa. Tope la mawe-mawe halipanguzwi, linalainishwa kwa maji kwanza. Mwosha magari yeyote wa Eastlands anajua hilo. Na gari la paa la turubai lina dawa yake. Unafunga paa, unapandisha vioo, mmoja anakaa ndani na taulo. Wa nje anamwaga maji kwa upole, sehemu kwa sehemu, na kila akimaliza mshono mmoja anagonga mara mbili. Wa ndani anapapasa mahali hapo. Pakiwa salama anajibu, "Kavu!" Pakiwa panavuja, anasema wapi. Walikuwa wameosha magari mawili ya aina hiyo kwa mtindo huo, na hakuna kiti kilicholowa hata kwa tone. Mbuthia alilisimulia jambo hilo mpaka wateja wakachoka.

"Alisema tusifunge," Simiyu akasema.

"Atakuja akute linang'aa na viti vikavu. Hapo atauliza paa?" Mbuthia alishamkabidhi taulo nne. "Ingia, bwana. Kwani unaogopa nini?"

Simiyu, mwanaume wa miaka arobaini, angesema nini mbele ya mwenzake, kwamba kiti kimemtisha? Akaingia upande wa dereva, kwa sababu upande wa pili ulikuwa umekaliwa na ule unyevu. Hivyo ndivyo alivyoufikiria, umekaliwa, na wazo lenyewe likamchukiza. Akawasha ufunguo, akabonyeza kitufe. Paa likainuka nyuma yake, likapita juu ya kichwa, likatua kwenye fremu ya kioo cha mbele na kujifunga. Anga likaisha.

Kwanza ikaja harufu. Ilikuwa ya nyumba iliyofungwa baada ya mafuriko, godoro na nguo na ukuta vimeozea pamoja, na juu yake marashi matamu mno. Simiyu akavuta pumzi kwa mdomo. Nje, pampu ikaanza kunguruma, povu likateremka juu ya vioo, na mwanga wa ndani ukawa mweupe, hafifu, usioonyesha chochote cha nje isipokuwa kivuli cha tumbo la Mbuthia likicheza kufuata muziki wa redio.

Ngo, ngo. Mshono wa kioo cha mbele, kulia.

Simiyu akapapasa. "Kavu!"

"Poa!"

Ngo, ngo. Kushoto.

Ilimbidi ajinyooshe juu ya kiti cha abiria ili afike. Alijiinua asikiguse, akapapasa kona ya juu, ilikuwa sawa. "Kavu!" Alipokuwa anarudi mahali pake, kile kiti kililia, mlio ule wa ngozi mtu anapohamisha uzito kutoka paja moja hadi jingine ili kukupisha.

Akabaki ametulia, mikono juu ya usukani.

Ngo, ngo. Mshono wa juu, juu ya mlango wake mwenyewe. Kabla hajainua mkono, kabla hajafungua mdomo, alisikia sauti yake ikijibu, kwa nguvu na kwa furaha ya mtu anayeipenda kazi yake: "Kavu!"

"Poa, buda!" Mbuthia akasema.

Ilitoka kushoto kwake. Ilitoka kwenye kiti.

Nataka ieleweke kwamba Simiyu hakuwa mwoga. Alizaliwa Bungoma, akalelewa na bibi aliyezika watoto watano bila kukimbia matanga hata moja, na huko Kayole aliwahi kumfukuza mwizi kwa kandambili. Lakini mkono wake ulienda kwenye mlango wenyewe, bila kumwuliza. Akavuta komeo. Likaja mkononi laini, bila kukamata kitu, kama kamba ya ng'ombe aliyekwisha toroka. Akabonyeza kitufe cha paa, kimya. Akabonyeza cha kioo, kimya. Ufunguo ulizunguka wote bila kuamsha hata taa moja. Akasukuma turubai kwa viganja viwili, turubai ambalo ungelibonyeza kwa kidole, na likawa gumu kama sakafu.

"Mbuthia!" akapiga kelele. "Mbuthia, fungua!"

Sauti haikufika mbali. Alihisi ikimtoka kinywani na kuishia hapo hapo karibu, kama imemezwa. Kisha kando yake, kwa upole, kwa kunong'ona, kitu kikaanza kuyajaribu yale maneno. *Mbu. Mbuthi. Mbuthia.* Mara ya kwanza ilikuwa sauti ya maji kwenye bomba. Mara ya pili ilikuwa ya mwanamke, au ya mtoto. Mara ya tatu ilikuwa yake, Simiyu, hata na kile kikohozi kidogo anachokuwa nacho asubuhi.

"Mbuthia! Kavu!" ikapaza kuelekea nje.

"Nimesikia, bwana, usinipigie kelele!" Mbuthia akacheka, akaongeza maji.

Hapo Simiyu akapiga kioo kwa ngumi, akakipiga kwa kiwiko, akajilaza na kukipiga kwa miguu yote miwili, na kila pigo lilienda polepole na kuishiwa nguvu njiani, kwa sababu miguu yake ilikuwa ndani ya maji, naye hakujua yalianza lini, maji baridi yaliyokuwa yanatoka kwenye mishono ya kile kiti cha abiria bila mlio wowote, yakajaza pale pa kuwekea miguu, yakapanda vifundoni, yakapanda magotini, na huku nje mtu aliyefanya naye kazi miaka tisa alikuwa anagonga mara mbili, anasubiri, anajibiwa "Kavu!" na kuridhika, na mshono baada ya mshono akawa anamfungia humo kwa bidii na kwa nia njema.

Maji yalipofika kifuani aliacha kupiga. Alifikiria kufa. Hakufikiria mbingu wala madhambi. Alifikiria binti yake wa miaka saba, ambaye saa hiyo alikuwa darasani, na ambaye jioni angekuja na begi mgongoni kumtafuta pale kivulini. Jina likamtoka. Hakulipaza, alilinong'ona tu, kama mtu anavyoshika kitu cha thamani akiwa kwenye umati.

"Ayuma."

Kiti kikalia. Alihisi baridi ikimsogelea sikioni.

*Ayuma*, ikajaribu. *Ayuma.* Ikalirudia kwa kulipenda, ikalizungusha, ikalivuta mwishoni vile vile yeye anavyolivuta akirudi nyumbani.

Simiyu akaufunga mdomo wake kwa mikono miwili. Sasa alielewa. Hicho kitu hakikuwa na maneno yake chenyewe, kilikuwa kinaishi kwa kuokota. Kila alichokisema humo ndani kilichukuliwa, na kila kilichochukuliwa kilitumika kumweka humo. Akilia "nisaidieni," kitajua kusema nisaidieni, na siku nyingine kitalisema kwa mtu mwingine, mahali pengine. Akiomba Mungu kwa sauti, kitaomba pia. Akauma ulimi. Maji yalimfika shingoni na ndani yake kilio kilikuwa kimejaa mpaka mbavu zikamuuma, naye akakizuia.

"Baba Ayuma!" Ilikuwa Khavere, karibu kabisa, upande wa pili wa kioo. "Chai yako inapoa. Nikuwekee na chapati au mandazi?"

Mke wake alikuwa pale. Kulikuwa na kioo kimoja na povu kidogo kati yao. Kila kitu ndani ya Simiyu kilitaka kumwita, lakini alijua kwamba akisema neno moja tu la kumjibu, chapati, mandazi, lolote, kile kitu kitalichukua na kumjibu vizuri, naye Khavere ataridhika na kurudi kwenye jiko lake. Akashikilia mdomo. Akalia kwa macho tu.

"Kavu!" sauti yake ikajibu.

Khavere akacheka. "Sijauliza viti. Nauliza chai."

"Kavu."

"Baba Ayuma, unanitania? Sema unataka nini, watu wananingoja."

Kisha, kwa ile furaha ya mtu anayeonyesha kitu kipya alichonunua: "Ayuma."

"Ayuma amefanya nini?"

"Kavu. Ayuma. Ayuma. Mbuthia. Kavu."

Simiyu hakuweza kumwona, lakini alijua jinsi mke wake anavyonyamaza akiogopa. Alipozungumza tena ilikuwa kwa sauti ya chini sana, na hakuzungumza naye.

"Mbuthia. Zima pampu."

"Ni nini?"

"Zima, nimekwambia. Huyo si yeye."

"Mama Ayuma, si yuko humo ndani, tumekuwa tukiongea wakati wote..."

"Mwulize kitu. Mwulize leo ni siku gani."

Pampu ikanyamaza. "Simiyu," Mbuthia akaita, na sauti yake ilikuwa imepungua nusu. "Leo ni siku gani?"

"Kavu!"

Mlango ukavutwa kutoka nje, ukakataa. Ukavutwa tena, watu wawili, gari zima likatikisika, na maji yakampiga Simiyu usoni na kumwingia puani. Aliinua kidevu mpaka pua ikagusa turubai. Palikuwa pamebaki hewa ya upana wa vidole vitatu. Kando yake, ndani ya maji, mkono wenye vidole virefu kuliko inavyofaa ukamshika kiganja taratibu, vile abiria anavyomshika dereva anayempenda.

"Lete kile kisu changu," Khavere akasema.

"Mama Ayuma, hilo ni paa la mtu!"

"Na huyu ni mume wa mtu!"

Kile kisu cha kukatia vitunguu kilipenya juu ya pua ya Simiyu. Turubai lililokuwa sakafu kwake lilikuwa kitambaa tu kwa mke wake. Lilichanika kutoka mbele hadi nyuma kwa mlio mrefu. Jua likaanguka ndani. Mkono uliomshika ukaachia, na kitu kikapita juu ya kifua chake kuelekea kule kwenye mwanya, kitu cha baridi na cha haraka, na Khavere akayumba nyuma akipangusa uso kana kwamba amerushiwa maji.

Walimtoa kwa kumvuta kwapani. Viti vyote viwili vilikuwa vikavu. Zulia lilikuwa kavu, na taulo nne zilikuwa zimekunjwa kama zilivyoingia. Nguo za Simiyu pia zilikuwa kavu, hata soksi. Lakini walipomlaza kifudifudi kwenye saruji alikohoa maji, akayakohoa kwa muda mrefu, mengi kuliko yanavyoweza kukaa ndani ya mtu, na yalinuka marashi.

Hakusema neno. Walimwuliza, wakamtikisa, Mbuthia akalia waziwazi na kuomba msamaha, naye Simiyu akatikisa kichwa na kuonyesha gari kwa kidole. Mpaka walipolisukuma hadi ng'ambo ya ukuta ndipo alipomshika Khavere mkono na kunong'ona, "Sikutaka kile kitu kisikie neno jingine."

Khalif alirudi saa sita. Aliliona paa lililopasuka tangu langoni, na hakuuliza kuhusu paa. Aliwatazama usoni mmoja mmoja, akafika kwa Simiyu aliyefunikwa leso ya mkewe kwenye jua kali, akaketi juu ya mtungi wa maji.

"Alikuwa ndani? Na limefungwa?"

"Ulijua," Khavere akasema.

"Niliwaambia msifunge."

"Ulituambia kama mtu anayeringia gari lake! Ungesema kuna kitu!"

"Ningesema, mngeliosha?" Khalif akavua kofia yake. Kaka yake, Magan, ndiye aliyelinunua, akasema. Siku moja mvua ilinyesha, Magan akafunga paa na kungoja iishe. Walimkuta ameketi, vioo juu, mapafu yamejaa maji, na kiti chake kikavu. Shekhe mmoja aliwaambia kwamba mle mna jini, na kwamba maadamu anayekaa humo anaona anga juu yake, jini huyo hana nguvu juu yake.

"Ungelichoma moto," Mbuthia akasema.

"Nikiwa peke yangu barabarani, huniita." Khalif alikuwa anaitazama kofia mikononi mwake. "*Walaal*. Ndiyo kusema, ndugu yangu. Kwa sauti ya Magan kabisa. Wewe ungeichoma sauti hiyo?" Kisha akamgeukia Simiyu na kuuliza kwa unyonge, kama mgonjwa anayemwuliza mgonjwa mwenzake, "Amechukua maneno gani?"

Simiyu akahesabu kwa vidole. Kavu. Mbuthia. Fungua. Cha nne alikishika muda mrefu.

"Jina la mtoto wangu," akasema.

Khalif aliyaficha macho yake.

Siku ya pili, alasiri, alimleta yule shekhe, mzee mwembamba mwenye kibuyu cha maji ya kusomewa. Mzee aliketi kwenye kile kiti cha abiria, chini ya turubai lililoning'inia, akafukiza ubani na kusoma mpaka sauti ikamkauka. Majirani walijaa ukutani. Wote walitarajia kelele, labda gari liruke. Hakuna kilichotokea. Mzee alishuka, akanawa mikono, na hakuwa na uso wa mtu aliyeshinda.

"Gari ni tupu," akasema.

"Tumshukuru Mungu," Khavere akasema.

"Subiri, mama. Sikumtoa mimi. Aliondoka jana, paa lilipochanwa. Nimesoma kwenye nyumba ambayo mwenyewe amehama." Akamwita Simiyu kando, naye Khavere akafuata bila kualikwa. "Gari hana tena. Alichobaki nacho ni yale maneno. Hayo mengine matatu hayamfikishi popote, lakini jina lina mwenyewe. Atakwenda kuliita. Mwenye jina akiitika, amemfungulia."

"Tumhamishe mtoto?" Khavere akauliza. "Tumpeleke nyumbani, kwa mama yangu?"

"Jina atalibeba hata huko."

"Basi tufanye nini?"

Mzee alimtazama Simiyu kwa huruma iliyomwogofya kuliko ile baridi ya maji. "Mtoto wa miaka saba hawezi kutofautisha sauti mbili zinazofanana. Kwa hiyo isiwe mbili. Iwe moja tu. Wewe usimwite tena. Leo, kesho, hata akiolewa, hata ukiwa unakata roho. Ajue kwamba akisikia sauti ya baba ikilitaja jina lake, huyo si baba. Ukiteleza hata mara moja, umemchanganya, na siku atakayochanganyikiwa ndiyo siku atakayoitika."

Walimfundisha usiku huo huo, wote watatu wamekaa kitandani, na Khavere ndiye aliyesema kwa sababu Simiyu alishindwa. Mtoto alisikiliza kwa makini. Aliuliza kama mama anaweza kumwita. Akaambiwa ndiyo, mama bado ana sauti yake. Aliuliza kama mwalimu anaweza. Ndiyo. Akamtazama baba yake kidogo, kisha hakuuliza kingine.

Simiyu alijifunza upya kuishi katika nyumba yake ya chumba kimoja, ghorofa ya tatu. Mkewe hakuwa tena Mama Ayuma, maana hilo nalo lilikuwa na jina ndani yake. Akawa Khavere, kama walipokuwa wanachumbiana, na wote wawili waliona haya. Simiyu alimwita mtoto kwa kupiga makofi, kwa kumgusa bega, kwa kusema "wewe" na "njoo" na "mama yangu mdogo." Mara mbili jina lilimfika kwenye meno akalimeza. Alikuwa anaogopa usingizi, asije akalitamka ndotoni, kwa hiyo alilala na kitambaa mdomoni.

Jumamosi ya wiki ya pili, saa saba mchana, Khavere alikuwa ameshuka kununua sukuma wiki. Chini, wapangaji walikuwa wanafua na redio tatu zinashindana. Mtoto alikuwa amekaa kwenye zulia, kati ya magoti ya baba yake, akipaka rangi kitabu cha shule.

"Ayumaaa."

Ilitoka kwenye ngazi, ghorofa ya kwanza hivi. Ilikuwa sauti ya mwanaume aliyechoka na kazi na anayefurahi kufika nyumbani.

Kalamu ikasimama. Mtoto akageuka polepole, akaangalia mdomo wa Simiyu. Ulikuwa umefungwa. Akauangalia muda mrefu, kuhakikisha.

"Ayumaaa." Ghorofa ya pili. Nyayo zake zilikuwa na maji ndani yake.

Simiyu akamkumbatia. Alihisi moyo wa binti yake ukimpiga kwenye mkono, na akaona kwamba hakuwa anatetemeka kwa hofu peke yake. Alikuwa analia, midomo imekunjamana, akijikaza asitoe mlio.

"Baba," akanong'ona, "hata mimi nimesahau vile wewe unaniita. Ni huyo tu ndiye anakumbuka."

Sauti ikafika nje ya mlango wao. Haikugonga. Iliita kwa upole, kwa subira, kwa mapenzi yote ambayo Simiyu aliwahi kuyaweka katika jina hilo, na yeye akamziba binti yake masikio kwa viganja viwili, akambana kifuani, akaendelea kunyamaza.